Kifo cha Ouko: jerikeni, gari jeupe na majina ya wakubwa

Mwanzishie Mkenya aliyevuka miaka arobaini na mitano mazungumzo kuhusu Robert Ouko, na kabla chai haijapoa utakuwa umeshapewa muuaji. Utatajiwa jina, utatajiwa nyumba, pengine hata chumba. Ukiuliza amejuaje, atakukodolea macho. Kwani wewe hujui? Kila mtu anajua.

Hilo la kila mtu kujua ndilo linalonishughulisha. Kwa kadiri kesi hii ilivyoanikwa hadharani tangu 1990, ndani yake mna maswali mawili. La kwanza ni jinsi Ouko alivyokufa. Hapo ushahidi upo, tena wa kushikika. La pili ni nani aliyeagiza. Hapo tulicho nacho kingi ni cha kusikia na kuunganisha. Mabishano ya vijiweni, ya bungeni na hata ya vitabuni yamezoea kuuchukua uzito wa swali la kwanza na kuubebesha la pili. Ukishathibitisha kwamba Ouko hakujiua, unahesabiwa umethibitisha pia aliyemuua, na anayesita kuvuka daraja hilo anaonekana ama mjinga ama ametumwa.

Tuanze na yanayoshikika.

John Robert Ouko alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya, mwanadiplomasia wa maneno ya kupimwa, ambaye wasomaji wa Arusha wa rika fulani watamkumbuka kama mmoja wa mawaziri wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza, kabla haijavunjika 1977. Mwishoni mwa Januari 1990 alikuwa katika msafara mkubwa wa Rais Daniel arap Moi uliokwenda Washington kwenye hafla ya maombi inayofanyika huko kila mwaka. Msafara ulirejea Nairobi tarehe 4 Februari, na siku iliyofuata Ouko akaelekea shambani kwake Koru.

Koru iko katika ukanda wa miwa, upande wa Muhoroni, vilima vya Nandi vikiwa juu yake. Reli ya kutoka Nakuru kwenda Kisumu inapita hapo, na chokaa inachimbwa jirani. Si mahali pa kujificha. Watu wanajuana, na gari geni hutambuliwa kabla dereva hajashuka.

Usiku wa kuamkia Jumanne tarehe 13 Februari, siku mbili tu baada ya Nelson Mandela kutoka gerezani, Ouko alitoweka. Mfanyakazi wa nyumbani alieleza kwamba mnamo saa tisa usiku alisikia kishindo kama cha mlango kufungwa, akachungulia, akaona gari jeupe likigeuza chini kwenye njia ya kuingilia nyumbani. Saa saba mchana wake, kijana aliyekuwa akichunga ng'ombe aliukuta mwili chini ya kilima cha Got Alila, kama kilomita 2.8 kutoka nyumba hiyo. Ulikuwa umeungua. Risasi moja ilikuwa imepita kichwani, na mguu wa kulia ulikuwa umevunjika mahali pawili. Kando palikuwa na bastola, jerikeni ya dizeli, kiberiti na baadhi ya vitu vya marehemu.

Polisi waliupata mwili huo, kwa mujibu wa taarifa rasmi, Ijumaa tarehe 16.

Dizeli inasema nini?

Nimewasikia watu wazima wakigombana juu ya jerikeni ile kana kwamba walikuwa wameishika. Mmoja atasema: anayetaka kujiua kwa bastola ana haja gani na mafuta? Mwingine atajibu: na muuaji mwenye bastola naye ana haja gani ya kuacha jerikeni, kiberiti na silaha yenyewe hapo hapo? Wote wawili wana hoja.

Dizeli si petroli. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi kali. Dizeli haitoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka ipate joto la nyuzi 52 za Selsiasi au zaidi. Ukitupa njiti ya kiberiti kwenye beseni la dizeli baridi, aghalabu itazimika. Lakini ikilowa kwenye nguo, nguo inafanya kazi ya utambi, na moto utaendelea polepole, kwa moshi mweusi. Mtu aliyejipanga kuteketeza mwili usitambulike hachagui dizeli. Anayechagua dizeli ni mtu aliyechukua kilichokuwa karibu, na katika mashamba yenye trekta dizeli ndiyo iliyo karibu.

Basi jerikeni inaelekeza wapi? Anayetetea kujiua atasema: umeona, alichota mafuta ya shambani mwake mwenyewe. Anayetetea mauaji atasema: walichota ya shambani ili ionekane alijiua. Wa tatu atasema wauaji walikuwa na haraka wakatumia kilichopo. Jerikeni inawakubalia wote watatu, na kwa hiyo haimsaidii yeyote. Hili ni jambo ambalo wabishi wa mauaji ya kisiasa, iwe Koru au Dallas, hawapendi kulisikia: kitu kinachoonekana cha ajabu kupita vyote pale kwenye tukio mara nyingi ndicho kisichoamua lolote.

Kinachoamua ni mwili. Dkt Jason Kaviti, aliyekuwa mkuu wa wanapatholojia wa Serikali, alishikilia kwamba Ouko huenda alijiua. Wananchi waliipokea kauli hiyo kwa kicheko kichungu: mheshimiwa alijivunja mguu, akajipiga risasi ya kichwa, halafu akajichoma moto, yote peke yake, tena kwa utaratibu. Mzaha huo ulisambaa nchi nzima na bado unachekesha. Tatizo lake ni kwamba ulilivunja dai la kujiua bila kulichunguza, na dai lisilochunguzwa hurudi. Mtetezi wake anaweza kukuambia kwamba moto mkali hupasua mifupa, na ni kweli. Anaweza kukuambia kwamba wapo waliojiwasha moto kisha wakajipiga risasi ili kufupisha maumivu. Huwezi kumjibu kwa mzaha.

Jibu lilitoka kwa wataalamu waliokuja na Mrakibu wa Polisi John Troon wa Scotland Yard, aliyeitwa na Serikali ya Moi mwenyewe siku chache baada ya mwili kupatikana, wakati Kisumu na Nairobi zikiwaka kwa maandamano. Dkt Iain West, mwanapatholojia wa Guy's Hospital ya London, aliukagua mwili, na hitimisho la Waingereza likawa kwamba Ouko aliuawa. Alipigwa risasi moja ya kichwa, karibu na pale mwili ulipokutwa, kisha akachomwa. Wanapatholojia wana njia za kulijua hili. Mtu anayeungua akiwa hai huvuta masizi, yakabaki kwenye njia ya hewa, na damu yake hubeba gesi ya kaboni monoksidi. Maiti haivuti chochote. Mfupa uliovunjwa kwa kishindo nao haufanani na uliopasuliwa na joto.

Kwa hiyo katika swali la kwanza mimi sina wasiwasi. Ouko aliuawa, na sioni namna ambayo mtu mmoja angemtoa waziri nyumbani kwake usiku, akamfikisha chini ya kilima, akamuua, akamchoma na kuondoka bila msaidizi. Kulikuwa na njama. Wanaotumia maneno "nadharia za njama" kumnyamazisha kila anayeuliza wangekumbuka hilo. Na wakumbuke pia kwamba dai lililotoka upande wa Serikali, la kujiua, ndilo lililoanguka kwanza.

Mlima wa sababu

Sasa swali la pili. Hapa nadharia ni nyingi, ila tatu ndizo zimeishi.

Ya Washington ndiyo tamu kuliko zote. Inasema Wamarekani walimkumbatia Ouko na kumpuuza Moi, kwamba waziri alionekana kama rais mtarajiwa, na kwamba ugomvi ulioanzia hotelini ndio uliomaliza maisha yake Koru wiki moja baadaye. Ina kila kitu ambacho hadithi nzuri huhitaji: wivu, mfalme, mtumishi aliyeng'ara kupita bwana wake. Lakini ile haikuwa ziara ya kiserikali, na wengine waliokuwa kwenye msafara huo huo walikana kuona ugomvi wowote. Wanaoiamini wanajibu kwamba wasafiri hao walikuwa watumishi wa Moi, wangesema nini kingine? Hoja hiyo ina uzito wake, ila uangalie inakupeleka wapi. Shahidi akisema ugomvi ulikuwepo, ni ushahidi. Akisema haukuwepo, woga wake ni ushahidi. Nadharia ya namna hiyo hakuna ushuhuda duniani unaoweza kuiangusha, na kwangu hiyo ni kasoro.

Ya pili ni ya kiwanda cha molasi cha Kisumu, mradi ulioanzishwa miaka ya 1970 ukakwama, na ambao Ouko alitaka kuufufua. Troon aliambiwa kwamba wakubwa walidai mlungula, kwamba Ouko aliwakatalia, na kwamba alikuwa akiandaa ripoti kuhusu ufisadi. Hii naiona na nguvu zaidi kwa sababu inazungumzia fedha, na fedha huacha karatasi. Lakini waliolisimamisha dai hilo kwa kiasi kikubwa ni wakurugenzi wa kampuni ya kigeni iliyokuwa na maslahi katika mradi huo huo, na iliyokuwa na madai yake ya fedha dhidi ya Serikali. Ripoti ya Ouko yenyewe, ile ambayo inasemekana aliuawa kwa ajili yake, haijawahi kuwekwa mezani tukaisoma.

Ya tatu, siasa za Kisumu na ugomvi wa nyumbani, nitaipita. Kila mwanasiasa ana maadui kwao.

Troon alikabidhi ripoti yake 1990, akapendekeza watu wawili wachunguzwe zaidi: Waziri Nicholas Biwott, aliyekuwa karibu mno na Rais, na Hezekiah Oyugi, Katibu aliyesimamia usalama wa ndani. Soma pendekezo hilo vizuri. Kuchunguzwa zaidi si kuthibitishwa. Barabarani likabadilika: Scotland Yard wamesema ni Biwott na Oyugi. Hata leo ndivyo linavyosimuliwa.

Tume ya Jaji Evans Gicheru iliundwa Oktoba 1990 na kusikiliza mashahidi hadharani, na wananchi waliifuata kila siku kwenye magazeti na redio. Troon alirudi kutoa ushahidi, akayataja majina. Kisha, mwishoni mwa Novemba 1991, Moi akaivunja tume kabla haijaandika ripoti. Wiki hiyo hiyo wafadhili walikuwa Paris wakiinyima Kenya misaada mipya. Biwott na Oyugi walikamatwa, wakakaa ndani kama wiki mbili, wakaachiliwa kwa kukosekana ushahidi. Aliyefikishwa kortini ni Jonah Anguka, aliyekuwa Mkuu wa Wilaya ya Nakuru. Jaji wa kwanza akafariki kesi haijaisha, ikaanzwa upya, na 1994 Anguka akaachiliwa huru. Baadaye akaandika kitabu chake akiwa Marekani. Oyugi alikuwa amekufa London tangu 1992.

Huo ndio urithi. Tume ilizimwa katikati ya sentensi, mashahidi waliotuhumu hawakumaliza kuhojiwa na waliotuhumiwa, na hukumu pekee iliyotolewa ni ya kumwachilia mtu. Msimulizi yeyote anaweza kuingia katika pengo hilo na kumalizia sentensi anavyopenda.

Wakenya hawakuwa wanabahatisha

Ingekuwa dhuluma kuwacheka wananchi kwa kuamini mabaya. Walikuwa na sababu, na sababu hizo zina tarehe.

Pio Gama Pinto aliuawa kwa risasi Nairobi mnamo Februari 1965. Tom Mboya alipigwa risasi tarehe 5 Julai 1969, mchana, akitoka duka la dawa katikati ya jiji, kwenye barabara ambayo leo inaitwa Moi Avenue. Aliyehukumiwa alinyongwa mwaka huo huo, na swali la aliyemtuma likanyongwa naye. Machi 1975 ikawa zamu ya J. M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini. Mwili wake uliokotwa na mchungaji wa Kimaasai upande wa Ngong huku magazeti yakiandika kwamba yuko Zambia. Bunge likaunda kamati chini ya Elijah Mwangale, kamati ikaandika ripoti, na majina mawili ya watu wa karibu na Mzee Kenyatta yakaondolewa kwa amri yake kabla haijawasilishwa.

Mtu aliyeishi katika miaka hiyo, akiambiwa 1990 kwamba mwili mwingine umekutwa na mchungaji mwingine, na kwamba waziri huenda alijiua, afikirie nini? Hakuwa mpenda uvumi. Alikuwa anakumbuka tu. Kukumbuka huko kunampa haki ya kushuku kwa nguvu, na mimi namuunga mkono. Hakumpi haki ya kusema amejua. Yaliyompata J. M. yanaongeza uwezekano kwamba wenye mamlaka walihusika Koru, ila hayakuonyeshi ni mkono gani ulioshika bastola wala ni simu gani iliyopigwa.

Nakuru na saa za giza

Kamati ya Bunge iliyoundwa 2003, chini ya Gor Sunguh, mbunge wa Kisumu, ilikusudia kuifunga kesi. Ripoti yake iliwasilishwa Bungeni Desemba 2010, ikisema Ouko aliuawa katika Ikulu ya Nakuru. Ndiyo simulizi ambayo leo wengi wanaichukua kuwa imethibitishwa. Smith Hempstone, aliyekuwa balozi wa Marekani Nairobi, naye katika kumbukumbu zake za 1997 alisimulia mauaji yanayowahusisha wakubwa moja kwa moja. Balozi hakuwa Koru wala Nakuru usiku ule, alisimulia alichosimuliwa. Moi na Biwott walikana kuhusika mpaka mwisho wa maisha yao, na hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa msingi wa ripoti ya 2010.

Hebu tuipime Nakuru kwa saa na kilomita tu. Gari jeupe lilionekana saa tisa usiku. Kutoka Koru hadi Nakuru ni zaidi ya kilomita 100, barabara ya kupanda na kona. Hata dereva asiyejali kitu hafiki kabla ya saa kumi na nusu. Februari upande huo jua huchomoza karibu saa moja asubuhi, na nusu saa kabla yake watu wameshaanza kuonana nyuso. Kwa hiyo wauaji wa Nakuru wangekuwa na kama saa mbili za giza kumhoji mtu, kumtesa kama inavyodaiwa, kumuua, kumpakia, na kurudi kilomita zile zile hadi chini ya Got Alila. Hawawahi. Watafika kumepambazuka, siku ya kazi, katika nchi ya wakata miwa na wachunga ng'ombe, na bado wana mwili wa kushusha na dizeli ya kumwaga.

Haiwezekani? Sisemi hivyo. Mwili ulionekana saa saba mchana, na asubuhi ni ndefu. Lakini inahitaji ujasiri wa ajabu, tena usio na faida, maana msitu ulikuwa mwingi njiani wa kumwacha mtu.

Hapo ndipo helikopta inapoingia. Wapo wanaosimulia kwamba mwili uliletwa kwa helikopta, na ukiwauliza kwa nini, jibu ni hesabu hiyo hiyo ya saa. Helikopta haikuletwa na ushahidi, imeletwa na tundu lililokuwa kwenye simulizi. Kila kiraka kama hicho kinaongeza watu: rubani, fundi, aliyeidhinisha mafuta ya ndege, askari wa uwanja. Miaka thelathini na zaidi, wote kimya. Na bado unabaki na kazi ya kueleza kwa nini wataalamu waliokagua mahali penyewe waliona kwamba alipigwa risasi hapo hapo au karibu napo.

Mtu akiniambia Ouko alitolewa nyumbani na watu aliowafahamu, akauawa kilomita tatu kutoka kitandani pake ndani ya saa moja, na wauaji wakawa mbali kabla jogoo hajawika, namsikiliza. Simulizi hiyo haihitaji Ikulu. Haimfanyi mkubwa yeyote kuwa msafi pia. Mtu anaweza kuagiza akiwa amelala kwake Nairobi. Ila inaudhi, kwa sababu inatunyima picha. Tunataka mkubwa awepo chumbani. Mkubwa anayepiga simu na kurudi kulala hatoshi kwa ukubwa wa hasira yetu.

Kuna hoja nyingine inayopendwa, ya mashahidi waliokufa. Utasomewa orodha: Oyugi, jaji, polisi huyu, afisa yule. Wamarekani waliipitia njia hiyo zamani. Mwaka 1967 gazeti la Sunday Times la London liliandika kwamba uwezekano wa mashahidi wa kifo cha Kennedy kufa kwa wingi ule ndani ya muda ule ulikuwa mmoja kati ya matrilioni 100,000. Kamati ya Bunge la Marekani ilipofuatilia miaka ya 1970, gazeti likakiri kwamba mtaalamu wa hesabu aliulizwa swali lisilo sahihi. Orodha yetu ina kasoro ile ile. Katika kesi iliyowagusa watu wengi kiasi hiki, wengi wao wanaume wa makamo waliokuwa serikalini 1990, ajabu ingekuwa wasife. Nionyeshe kifo kimoja kilichochunguzwa kikakutwa na sumu, nitakaa kimya.

Biwott kwa upande wake alipigana kortini. Mwaka 2000 Mahakama Kuu Nairobi iliamuru alipwe shilingi milioni 30 na Dkt West na mwandishi Chester Stern kwa yaliyoandikwa juu yake katika kitabu kuhusu kesi za daktari huyo, na duka la vitabu lililokiuza likatozwa milioni 10. Watu waliochukia hukumu hiyo waliona ni mkubwa kununua ukimya. Mimi naona mawili kwa pamoja. Mtu ambaye hajawahi kushtakiwa ana haki ya kudai uthibitisho, na waliomtuhumu hawakuuleta. Lakini pia, baada ya hapo, mchapishaji gani wa Nairobi angegusa habari hiyo? Utafiti makini zaidi ulitoka nje, kama kitabu cha 2004 cha David William Cohen na Atieno Odhiambo kilichofuatilia jinsi uchunguzi wenyewe ulivyoendeshwa. Watu wa nyumbani wakabaki na minong'ono, na mnong'ono hauhojiwi na wakili wa upande wa pili.

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano nayo ilipewa jukumu la kuangalia mauaji haya ya kisiasa. Mwenyekiti aliyeteuliwa, Bethuel Kiplagat, alikuwa ndiye Katibu katika wizara ya Ouko mwaka 1990, na waliompinga walilitumia hilo. Alikaa kando kwa muda mrefu, akarudi, na ripoti ikatoka 2013. Sidhani alikuwa na la kuficha. Nasema tu kwamba ukitafuta namna ya kuifanya tume isiaminike, huhitaji kufikiria zaidi ya hapo.

Biwott alifariki 2017, Moi 2020. Marehemu hashtaki kwa kuchafuliwa jina, kwa hiyo tutegemee vitabu zaidi, na filamu, na wazee watakaokumbuka ghafla. Jambo moja limekuwa likikaa nyuma wakati wote, na linahitaji karatasi ya kituo cha polisi tu, wala si la Washington. Mchungaji aliuona mwili Jumanne saa saba mchana. Taarifa rasmi inasema ulipatikana Ijumaa. Waziri wa Mambo ya Nje hayupo, mwili umelala chini ya kilima kilomita chache kutoka kwake, na siku tatu zinapita. Kila Mkenya aliyewahi kupotelewa na kitambulisho anajua kuna OB, kitabu cha matukio cha kituo, kilichokuwa kikiandikwa kwa mkono, kwa saa na namba. Wilaya ile ilikuwa na vituo vya kuhesabika. Nani aliingia kituoni kati ya tarehe 13 na 16 Februari 1990, alisema nini, na zamu ilikuwa ya nani? Kabla ya kunitajia chumba cha Ikulu, nionyeshe kurasa hizo.